Posa ya Ramadhan kwa Kiingereza

Ijumaa, 4 Oktoba

Bismillahi. Daftari hili nimelianza leo kwa sababu ya maneno matatu ya Kiingereza, na moyo unanienda mbio kama vile mimi ndiye ninayeposwa.

Niyaandike tangu mwanzo ili yasinipotee. Mwanangu Ramadhan ana miaka ishirini na saba, ni fundi wa malori huko Chipata, Zambia. Amempata binti wa Kiislamu, Hafidha, anayefundisha watoto wadogo. Baba yake binti anaitwa Mwalimu Bilali, mwalimu mkuu mstaafu. Kiswahili hawakijui, na sisi lugha yao hatuijui, kwa hiyo posa imebidi iende kwa Kiingereza. Kwetu sisi anayeposa ni mjomba. Mjomba wa Ramadhan ni kaka yangu Kaimu, anayekaa Mtua, upande wa Nachingwea. Mwezi wa nane Kaimu akatuma barua nzuri, imechapwa, na ina muhuri. Tukakaa tumetulia, tukijua kazi imekwisha.

Leo jibu limefika kwa picha kwenye simu ya mume wangu Hasani. Nikamwita Mwalimu Prisila atusomee. Prisila ni binti wa Songea, anafundisha sekondari hapa Mbekenyera, tumempangisha chumba cha uani. Alisoma huku anajikaza asicheke. Mwalimu Bilali anasema amepokea barua yenye kichwa kinachosema ni maombi ya ndoa. Anasema katika miaka thelathini ya ualimu mkuu alipokea mamia ya barua za namna ile, zote za watu wanaotafuta kazi. Na mwisho wa barua kumeandikwa, kama kwenye hizo zote: “I am looking forward to your positive response.” Yaani tunasubiri kwa hamu jibu lako zuri. Sasa anatuuliza: ni jibu langu tu ndilo mnalolisubiri kwa hamu?

Nilijifunika kanga usoni.

Lakini hakukataa. Anasema kuna ukoo mwingine nao umeleta posa, na atatujibu wote Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Kabla ya hapo anataka barua ya mkono, ya watu wa nyumbani wenyewe. Picha ya simu inatosha, ila mwandiko uwe wetu.

Nikamwambia Prisila: “Mwalimu, nitaiandika mimi.”

Akanitazama. Darasa la saba nimemaliza mwaka tisini. Akasema, “Haya mama, tuanzie hapo hapo alipotushika.”

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumeokota korosho tangu alfajiri. Mgongo umekataa.

Jumapili, 6 Oktoba

Somo la kwanza. Prisila anasema “looking forward to” si kusubiri tu. Mtu anaweza kusubiri gari, au kusubiri dawa ichemke. Haya ni maneno ya kitu kinachokuja na moyo wako umeshatoka mlangoni kukipokea. Anataka kila siku nitunge sentensi moja, mpaka maneno yanizoee na mimi niyazoee.

Akanipa mfano: “I am looking forward to visiting London.” Akasema niinakili.

Nikamwambia mimi London siisubiri. Sijawahi kuiwaza hata siku moja. Akasema ni mfano tu mama, si lazima iwe kweli. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina malaika kulia na kushoto, hawajui habari ya mfano, wao wanaandika tu. Basi tukakubaliana sentensi zangu zote ziwe za kweli.

Kumbe nimejipa kazi. Nilikaa na kalamu mpaka adhana ya alasiri nikitafuta kitu ninachokisubiri kwa hamu. Nina watoto wanne, shamba, mume, sala tano. Siku zinakuja zenyewe, nani ana muda wa kuzisubiri? Mwisho nikaandika kwamba nasubiri kwa hamu chakula cha jioni. Prisila akasema ni sahihi kabisa, ila mkwe asiione.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nasubiri kwa hamu maji ya bomba yarudi. Kweli tupu.

Jumanne, 15 Oktoba

Bibi Mwanawetu wa nyumba ya tatu tumemzika juzi, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzima, ameondoka kwa upole. Leo nikatunga sentensi nikaona imekaa vizuri, ndefu na maneno yote yapo: “We are looking forward to the arobaini of Bibi Mwanawetu.” Nikampelekea Prisila akiwa anasahihisha madaftari.

Akaweka kalamu chini. Akaniambia Mwalimu Bilali akisoma hivyo atadhani tumefurahi bibi kufa, tunahesabu siku tukale ubwabwa. Kinachokuja na moyo hauendi kukipokea, hakiandikwi hivyo.

Nikamwambia basi hiyo sentensi waandike watani wake, maana wao kweli wanaisubiri, na wameshauliza kama kutakuwa na nyama.

Tulicheka mpaka Hasani akatoka ndani kuuliza kuna nini. Astaghfirullah, na msiba bado mbichi. Lakini nimeelewa leo kuliko siku zote. Maneno haya hayataki uyaelewe tu, yanataka uwe umefurahi kweli.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumeokota. Jua kali.

Jumapili, 20 Oktoba

Kuna jambo limenisumbua wiki nzima. Nitaandikaje habari ya kesho bila kusema inshallah? Kwa Kiingereza watu wanasubiri kwa hamu kana kwamba kesho ipo mfukoni mwao. Nikamwuliza Prisila, yeye Mkristo lakini ana adabu na mambo ya Mungu. Akasema, “Mama, unayemwandikia ni Mwislamu. Liweke neno lako mbele, na Kiingereza kilifuate.”

Nikalala usingizi mzuri wa mchana.

Jumatano, 23 Oktoba

Sentensi tano leo, zote za kweli. Nasubiri kwa hamu mnada wa korosho. Nasubiri kwa hamu mdogo wake Ramadhan aache kukohoa. Nasubiri kwa hamu Maulidi. Nimeanza kuona jambo: nikiokota huku nimeinama najikuta natafuta kichwani, na hiki je, nakisubiri? Zamani nilikuwa naokota na kunyonyoa korosho kwenye mabibo, basi. Sasa siku imejaa vitu vinavyokuja.

Jumapili, 27 Oktoba

Ramadhan amepiga simu. Anapiga kila jioni kabla ya magharibi. Barua imefika wapi? Mjomba amesemaje? Mama, ule ukoo mwingine wana duka kubwa. Mama, Hafidha haulizi ila najua anauliza. Leo Hasani alichukua simu akamwambia tunaandika, akakata. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Akaketi, akasema peke yake:

“Mimi ninachokisubiri kwa hamu ni siku huyu kijana ataacha kupiga simu kuulizia barua.”

Prisila alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. “Baba Ramadhan, hiyo sentensi ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo inavyosemwa.”

Hasani akashangaa kuwa amesema Kiingereza bila kujua.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimerudi sasa hivi kutoka Mtua, miguu imejaa vumbi, na nina mengi ya kuandika.

Niliondoka baada ya sala ya alfajiri, bodaboda mpaka Ruangwa mjini, gari mpaka Nachingwea, bodaboda tena. Kwenye mfuko wa plastiki nilibeba rasimu ya barua. Barua ya posa bila mjomba si barua, na mimi nilitaka Kaimu aisome, aweke maneno yake na jina lake. Njiani nilikuwa naisoma kimoyomoyo, nimefurahi kama mtoto anayepeleka ripoti nyumbani.

Kaimu aliisikiliza habari yangu hadi mwisho, kisha akaisukuma karatasi.

“Tangu lini mama wa bwana harusi akaposa?”

Nikamwambia siposi mimi, ninaandika tu. Akasema ni yale yale. Akasema barua yake ilikuwa na muhuri, huyo mzee wa Zambia ana maringo ya ualimu, na mimi nimekwenda kumwonyesha mpangaji aliyezaliwa juzi aibu ya ukoo. Kaka yangu alifika kidato cha pili. Tangu utotoni kijiji kizima kinamwita Profesa, na mimi mwenyewe nimekiogopa Kiingereza chake miaka yote hii. Nikaanza kukunja karatasi yangu. Machozi yalikuwa karibu.

Wifi yangu Biasha alikuwa anapepeta ufuta mlangoni. Hakuinua hata uso.

“Profesa, mwambie dada yako ile barua ulikuwa umeisoma?”

Kaimu akainama kuokota kijiti.

“Mwambie. Au nimwambie mimi, maana mimi mke wako nimechoka kukaa na profesa asiyesoma.”

Kaimu akasema hayo ni maneno ya wanawake. Biasha akasema basi mimi nina kinywa cha mwanamke na kinasema hivi: ulikwenda dukani Nachingwea, yule kijana wa kompyuta akakuuliza barua ya nini, ukasema ya maombi, akatoa barua iliyokuwemo humo humo kwenye mashine, akabadilisha majina, ukatia sahihi. Na jibu uliletewa wewe kwanza, wiki tatu ukakaa nalo kwenye simu, huwezi kulisoma na huwezi kumwuliza mtu, ndipo ukamtumia shemeji yako.

Nikamtazama kaka yangu. Nilidhani nitakasirika, maana wiki tatu ni wiki tatu. Lakini nilimwona mtu mzima wa miaka hamsini na tano aliyebeba jina ambalo hakulichagua, na hajapata mahali pa kulitua. Nikaketi karibu yake. Nikamwambia na mimi nimeandika kwamba tunasubiri kwa hamu arobaini ya Bibi Mwanawetu.

Alichelewa kuelewa. Kisha akacheka mpaka akakohoa, na Biasha akaacha ungo.

Baadaye nikamwuliza, kaka, ukiacha jibu la huyo mzee, wewe unasubiri nini hasa kwa hamu? Akavunjavunja kijiti. Akasema alipoolewa binti yangu mkubwa yeye alikuwa amelazwa Nachingwea, watu wakaenda bila mjomba. “Mwanaheri, mimi nasubiri siku nitangulie mbele, na mpwa wangu anifuate nyuma.”

Nikaandika pale pale, bila Prisila, bila kamusi: “I am looking forward to walking in front of my nephew.”

Nikamsomea. Akaniambia nisome tena.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza, na korosho zimetandazwa kwenye turubai! Tulikimbia wote, hata Prisila na sketi yake ya kazini. Tumeokoa karibu zote. Hasani kasimama kwenye mvua uso juu, anawaza mahindi. Nikasema moyoni, hii hapa: kitu kimoja, mwenzangu anakisubiri kwa hamu na mimi nakiombea kichelewe. Nikaiandika kabla nywele hazijakauka.

Jumatatu, 11 Novemba

Tunaanika upya. Ukungu asubuhi.

Jumapili, 17 Novemba

Kaimu amekuja jana na amelala hapa. Leo tumeandika barua.

Tuliketi barazani baada ya adhuhuri, mimi na kalamu, Kaimu, Hasani, Prisila akiwa kwenye kigoda pembeni. Prisila alisema hatatia neno ila akiulizwa. Juu tukaweka jina la Kaimu, mjomba, kwa sababu posa ni yake. Mwandiko ni wangu. Tukaeleza ni watu gani sisi, tunalima nini, Ramadhan alilelewaje, na kwamba ile barua ya kwanza ilitoka kwenye mashine na tunaomba radhi. Kaimu mwenyewe ndiye aliyesema hilo liandikwe. Nilimwangalia nikamwona amekua, na ni mkubwa wangu kwa miaka saba.

Halafu tukamjibu Mwalimu Bilali swali lake. Kaimu anasubiri kwa hamu kutangulia mbele ya mpwa wake. Hasani anasubiri kwa hamu siku mwanetu ataacha kupiga simu kila jioni kuulizia barua hii. Hasani alisema hilo tuliondoe, halimfai mkwe. Prisila akaulizwa. Akasema libaki kama lilivyo.

Na mimi nikaandika, na inshallah ikatangulia: “Inshallah, I am looking forward to showing Hafidha the cashew trees we planted in the year Ramadhan was born.” Mikorosho ile tuliyoipanda mwaka aliozaliwa Ramadhan ni mikubwa sasa, inazaa vizuri kuliko yote, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Ukurasa wa pili una doa la bibo, vidole vyangu msimu huu havitakati. Nikataka kunakili upya. Kaimu akasema acha, aone kuwa hakuna mashine hapa.

Tumepiga picha. Imekwenda.

Jumanne, 19 Novemba

Kimya.

Ijumaa, 22 Novemba

Kimya. Nimerefusha dua.

Jumatano, 27 Novemba

Ramadhan hakupiga simu jana wala leo. Hasani anaiangalia simu kila saa. Amepata alichokuwa anakisubiri na hakimfurahishi hata kidogo.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Hasani amepanda mahindi ya mwanzo.

Jumamosi, 7 Desemba

Limekuja jibu, na Prisila hayupo. Shule zimefungwa, ameondoka leo asubuhi kwenda Songea, simu haipatikani. Hasani akanipa picha, akaniambia, “Soma wewe.”

Nikatia udhu kwanza. Kisha nikasoma, neno kwa neno, kidole kwenye kioo.

Mwalimu Bilali ameandika kwa mkono wake. Anasema sasa amekutana na watu. Anasema alicheka kwa ajili ya Hasani mpaka majirani wakamsikia, na anasubiri kwa hamu kumshika mkono mtu huyo. Ule ukoo mwingine ameshawaambia wasimsubiri. Kwa upande wake yeye amekubali. Nilipofika hapo nikapiga kigelegele, Hasani akaniambia maliza kwanza.

Maana chini kulikuwa na mwandiko mwingine, mdogo, wa kulala. Mama yake Hafidha. Mwalimu Bilali ameandika kwamba nyumbani kwao mama ndiye anayefunga neno, naye ameomba aandike mwenyewe. Mistari miwili tu:

“You are looking forward to showing her your trees. She is my only daughter, and I am not looking forward to the day she gets on that bus.”

Nilisoma mara tatu. Ninayajua maneno haya. Nimelala nayo miezi miwili, nimeyatafutia mabibo, mvua, Maulidi. Sikuwahi kuyaona yakiwa na “not” mbele yake, na nikaelewa bila mtu kunieleza: ni binti yake wa pekee, na siku atakayopanda basi kuja kwetu haisubiri kwa hamu. Huyu mama hajakubali. Anasubiri niseme kitu.

Nimekwenda kukaa jikoni.

Nilikuwa nimeshawaza chumba watakachokaa, upande wa mashariki. Nilishaona Hafidha anaanika korosho pamoja nami, namfundisha kutofautisha nzuri na mbovu. Nimemkosa Ramadhan miaka sita, nikadhani mke atamrudisha nyumbani. Sikuwa nimemwambia mtu, hata wewe daftari.

Lakini kwa watu wetu haikuwa hivyo. Kwetu tangu zamani kijana akioa huenda kukaa kwa watu wa mke, analima na mama mkwe, na watoto ni wa huko. Kaimu yuko Mtua kwa nini? Kwa sababu Biasha ni wa Mtua. Mama yetu alimwacha aende, na sikumsikia akilalamika, nilimwona tu akipika chakula kidogo. Sasa mimi, kwa kuwa mwanangu yuko mbali na kuna mabasi na simu, nilitaka mila ifuatwe kwenye kuposa, halafu isimame hapo hapo.

Nikachukua kalamu. Sina Prisila. Makosa yatakuwepo, Mungu atayasamehe na mama yule pia:

“My sister. With our people the son goes to live with the mother of his wife. Ramadhan is already near you. Keep them both. I am not looking forward to it. But I am a mother and I agree.”

Nikampelekea Hasani. Nikamweleza maana yake: akae nao wote wawili, siisubiri kwa hamu siku hiyo, lakini mimi ni mama na nimekubali. Akaishika karatasi muda mrefu kama mtu anayeweza kuisoma. Akauliza, “Ni kweli yote?”

Nikamwambia ni kweli yote.

Akapiga picha yeye mwenyewe.

Jumapili, 8 Desemba

Tumepanda mahindi yaliyobaki. Sikuweza kutunga sentensi.

Jumatatu, 9 Desemba

Alhamdulillahi, alhamdulillahi, naandika mbiombio, sijui hata kama mwandiko huu nitausoma mwenyewe.

Amekubali. Ndoa ni mwezi wa Rajabu, Chipata, inshallah, na Kaimu ameshapigiwa simu. Nikamsikia anamwita Biasha kwa sauti ambayo Mtua nzima wameisikia.

Mama Hafidha ameandika tena, kwa ule mwandiko wake wa kulala. Anasema watakaa kwake, anashukuru. Halafu anasema kila mwaka korosho zikianza kuanguka atawapandisha basi waje kwangu, wote wawili na atakayezaliwa, mpaka msimu uishe. “I am not looking forward to it,” ameandika, “but I am also a mother.”

Nilimsomea Hasani kwa Kiswahili: haisubiri kwa hamu siku hiyo, lakini na yeye ni mama. Akaniomba nimsomee na kwa Kiingereza, ingawa hakijui, akasikiliza ameinamisha kichwa. Akauliza korosho zinaanza kuanguka mwezi gani, kana kwamba hajui. Nikamwambia wa tisa, wa kumi.

Chai haijapoa bado. Yuko nje upande wa mashariki, ana kamba na vigingi, anapima chumba.